Carlton haikuokolewa na amri ya kujenga upya

Usiku wa Jumamosi ya Agosti 5, 2023, moto uliteketeza baa ya Crooked House, nje kidogo ya kijiji cha Himley, katikati ya Uingereza. Ilikuwa ndiyo kwanza imepata wamiliki wapya. Jumatatu yake tingatinga lilifika na kulaza chini kuta zilizosalia, ingawa halmashauri haikuwa imekubali jengo zima livunjwe. Februari 2024 Halmashauri ya South Staffordshire ikatoa amri: baa ijengwe upya kama ilivyokuwa kabla ya moto, ndani ya miaka mitatu. Wamiliki wakakata rufaa. Tangu hapo, kila panapozuka mjadala juu ya amri ile hakosekani wa kusema: mbona Carlton Tavern ya London ilivunjwa, ikaamriwa ijengwe, na leo inauza bia? Basi na hii itarudi.

Mfano huo unasomwa vibaya. Carlton ilirudi, hilo halina ubishi, na amri ya kisheria ilikuwa na sehemu yake. Lakini amri ilikuja mwisho, kama muhuri unaopigwa kwenye barua ambayo watu wengine walishaiandika. Kilichoiokoa Carlton ni kazi iliyofanyika kabla tofali la kwanza halijaanguka, pamoja na mtaa uliokuwa bado unaihitaji baa yake. Ukiyaondoa hayo mawili, kinachobaki ni adhabu ya ujenzi. Adhabu inaweza kuwa ya haki kabisa na bado isizae baa.

Tuanze na jengo lenyewe, maana historia yake ni sehemu ya hoja. Barabara ya Carlton Vale iko kaskazini-magharibi mwa London, pale Maida Vale inapopakana na Kilburn. Baa ilikuwapo mahali pale kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1918 ikapigwa na bomu la Wajerumani lililodondoshwa kutoka angani. Kampuni ya bia ya Charrington, yenye asili yake Mile End, mashariki mwa jiji, ikajenga nyingine kati ya 1920 na 1921 kwa mchoro wa msanifu Frank Potter. Miaka ile haikuwa ya kawaida kwa wauza bia. Wakati wa vita serikali ilikuwa imebana saa za kunywa, ikaunda bodi ya kudhibiti pombe mwaka 1915, na mwaka uliofuata ikataifisha viwanda vya bia na baa katika eneo la Carlisle, kaskazini, ili wafanyakazi wa viwanda vya baruti wasifike kazini wamelewa. Vita ilipokwisha, kampuni za bia zilijua kwamba watu wa kampeni dhidi ya pombe bado wako mlangoni. Jibu lao likawa kubadili baa yenyewe. Walisema kinachozalisha walevi ni kile chumba kidogo cha giza ambamo mwanamume anasimama kaunta na kumimina glasi juu ya glasi. Wape watu viti, mwanga na chakula, weka mahali ambapo mwanamke ataingia bila kutazamwa vibaya, na unywaji utatulia wenyewe.

Carlton ilikuwa mtoto wa mawazo hayo. Ilikuwa na upande wa watu wa kawaida, upande wa wenye uwezo zaidi kidogo, na chumba cha chakula cha mchana na chai. Huwezi kuliita jengo la kifahari. Hakuna mfalme aliyelala humo, wala vita iliyoamuliwa mezani pake. Thamani yake ilitokana na kutoguswa. Karibu baa zote za rika lake zilibomolewa kuta za ndani ili kupata ukumbi mmoja mpana, lakini hii ilibaki na mgawanyo wake, vigae vyake vya nje vyenye jina la kampuni, na dari zake za plasta. Wakati wa mashambulizi ya mabomu ya 1940 na 1941 nyumba za jirani ziliangamia, yenyewe ikasimama. Baada ya vita yakaota maghorofa ya halmashauri kuizunguka, hasa upande wa South Kilburn, na baa ikabaki kama jino moja la zamani kinywani mwa meno ya bandia. Wapangaji wa maghorofa yale ndio waliokuwa wateja wake: wazee waliohamishiwa pale wakiwa vijana, Waairishi wa Kilburn, wakazi wa kila rangi. Hayo ni maisha ya kawaida ya baa ya mtaa, na ndiyo yenyewe tunayotaka kuyazungumza.

Kilichofuata hakikuletwa na uchoyo wa mtu mmoja tu. Mwaka 1989 serikali ya Uingereza iliona kwamba kampuni chache za bia zimehodhi soko, ikaamuru zile zenye baa zaidi ya 2,000 zipunguze milki zao. Nia ilikuwa njema: ushindani. Matokeo yakawa mengine. Maelfu ya baa yaliangukia mikononi mwa kampuni ambazo biashara yao hasa ni majengo, zikiwapangisha waendeshaji na kuwauzia bia kwa mikataba. Mtengeneza bia anaitazama baa kama bomba la kutolea bidhaa yake, kwa hiyo hata ikiwa na faida ndogo ana sababu ya kuitunza. Mwenye milki anaitazama kama kiwanja chenye kodi juu yake. Katika jiji ambalo bei ya fleti inapanda kila mwaka, siku hesabu ya kiwanja inapoizidi hesabu ya bia, baa imeshahukumiwa, hata kama usiku huo imejaa.

Mwaka 2015 hesabu hiyo ilifika Carlton. Januari, Halmashauri ya Westminster ilikataa maombi ya kuigeuza sehemu ile kuwa fleti. Aprili, baada ya Pasaka, mwendeshaji wa baa aliambiwa afunge kwa ajili ya kuhesabu mali. Tarehe 8 tingatinga likaingia. Halikubomoa kistaarabu kwa kushusha vigae kwanza. Lilipiga tu, mpaka majirani waliotoka kwenda kazini asubuhi wakarudi kukuta kifusi. Shirika la Historic England, linaloshughulikia majengo ya urithi, lilikuwa limebakiza siku chache tu kulipa jengo hilo ulinzi wa urithi wa daraja la pili.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi wanaruka moja kwa moja hadi amri. Tusiruke. Kabla ya siku ile, kuna wakazi waliokuwa na wasiwasi. Hawakuwa na ushahidi, walikuwa na machale tu, ya kuona jengo limebadili mikono na maombi ya fleti yamekataliwa. Walipeleka ombi la kulinda jengo, na wakasukuma zaidi: wataalamu waje walipime sasa, si baadaye. Wataalamu wakaja. Wakapiga picha chumba kwa chumba, wakachukua alama za plasta za mapambo, wakaandika vigae vilikaaje. Kazi ya kuchosha, isiyo na kamera za televisheni, na ambayo kama jengo lisingevunjwa ingelala kabatini milele. Lilipovunjwa, yale makaratasi yakawa tofauti kati ya kilio na kesi. Wakili wa mwenye jengo hakuweza kusema kwamba haiwezekani kujua baa ilifananaje, kwa sababu ilikuwa imeshapimwa hadi kwenye nakshi.

Jambo la pili ni watu. Zaidi ya 5,000 waliunga mkono kampeni ya kurudisha baa yenye vyumba vitatu. Halmashauri ikaamuru jengo lirudishwe tofali kwa tofali, mmiliki akakata rufaa, na mwaka 2016 baada ya uchunguzi wa hadhara mkaguzi akaithibitisha amri. Muda uliowekwa ulikuwa miaka miwili. Milango haikufunguliwa mpaka Aprili 2021, miaka sita tangu kuvunjwa. Na fikiria bahati yao: ule ndio mwezi ambao sheria za korona England ziliruhusu baa kuhudumia wateja nje tu. Dari za plasta zilizogharimu miaka sita ya ugomvi zikabaki peke yake ndani, wenye kiu wakakaa barabarani na makoti yao.

Sasa hoja za upande wa pili. Wapo wanaosema haya yote ni kelele juu ya ulevi. Wasomaji wangu wengi watavutwa na hoja hii, na naielewa. Mimi mwenyewe nikikaa baa naagiza soda. Lakini ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu inadhani baa ikifa pombe inakufa nayo. Pombe haihitaji jengo lenye vyumba vitatu. Inauzwa dukani kwa bei ya chini, inanyweka sebuleni, peke yako, bila mhudumu wa kusema leo inatosha baba. Waliojenga Carlton mwaka 1920 walikuwa wanajibu swali hilohilo la ulevi, na jibu lao lilikuwa kwamba macho ya majirani ni breki. Unaweza kubisha kama walifaulu. Huwezi kubisha kwamba jengo lile lilikuwa sehemu ya historia ya kupambana na ulevi, kiasi kwamba kulibomoa kwa jina la maadili ni kuchekesha.

Hoja ya haki ya mwenye mali ina uzito zaidi. Mtu ametoa fedha zake, ana hati, halafu majirani ambao hawakuchangia hata senti wanamwamuru ajenge kitu asichokitaka kwa gharama yake. Ukilitazama hivyo, ni dhuluma. Ila bei aliyonunulia ilikuwa bei ya baa, yenye masharti ya baa. Kama masharti yangeondolewa angelipa zaidi, na aliyemuuzia angepata zaidi. Anayenunua kwa bei ya kitu chenye kizuizi kisha akakivunja kizuizi kwa tingatinga, tofauti ile ya bei ameichukua kutoka kwa mtaa. Isitoshe, maombi yalipokataliwa Januari njia ya rufaa ilikuwapo. Tangu Mei 2017 England imekwenda mbali zaidi: baa yoyote, iwe na ulinzi wa urithi au isiwe nao, haivunjwi wala haigeuzwi kuwa kitu kingine bila kibali cha mipango miji.

Hoja inayonisumbua hasa ni ya tatu, kwamba kilichojengwa upya ni nakala. Matofali mapya, plasta mpya, na mahali ambapo viwiko vya wanywaji wa miaka tisini vililainisha mbao kuna mbao zilizolainishwa na fundi. Je, huko si kucheza maigizo? Wanaoijibu hoja hii kwa kawaida huitaja Warsaw, mji mkuu wa Poland, ambako mji wa kale uliangamizwa na Wajerumani, ukajengwa tena baada ya vita, na mwaka 1980 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia ingawa kila mtu alijua ni mpya. Jibu zuri, ila lina sharti ambalo watu hulisahau. Warsaw iliwezekana kwa sababu wasanifu walikuwa na michoro iliyopimwa kabla ya maangamizi, na kwa sababu wakazi walirudi kuishi humo. Nakala yenye kumbukumbu na yenye matumizi inaendelea kuwa mahali. Nakala isiyo na hayo ni pambo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Suala la Carlton si kama mlango unafanana na wa 1921. Ukiingia, unamkuta nani?

Kwa kipimo hicho, turudi Himley. Crooked House ilianza kama nyumba ya shamba mwaka 1765, ikawa baa mnamo 1830. Chini yake watu walikuwa wanachimba makaa ya mawe, na ardhi ikazama upande mmoja mpaka ncha moja ya jengo ikawa chini ya nyingine kwa zaidi ya mita moja. Miaka ya 1940 ilitangazwa kuwa hatari na ikakaribia kuvunjwa. Kampuni moja ya bia ikainunua, ikaitia nguzo za matofali na vyuma, ikaacha upogo wake kama ulivyo. Waliziba ufa bila kunyoosha ukuta, na uamuzi huo wa kibiashara uliwalisha kwa miaka mingi. Watu walitoka mbali kuja kuweka gololi mezani na kuitazama ikibiringika kuelekea juu, au ndivyo macho yalivyodanganywa, kwa sababu meza ilionekana imeinama upande huu huku chumba kizima kikiwa kimeinama zaidi upande ule.

Lakini angalia tofauti. Carlton ilikuwa imezungukwa na maelfu ya milango ya fleti. Crooked House ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, kando ya machimbo na jaa la taka, bila hata nyumba moja ya kusema huyu ni mteja wangu wa kila siku. Ilipendwa na eneo zima la Black Country, kweli, ila ilipendwa kama unavyompenda babu wa kijijini: kwa dhati, mara mbili kwa mwaka. Kampuni iliyokuwa nayo iliiweka sokoni mapema 2023 kwa sababu hesabu zake hazikuwa zinakaa vizuri. Ilipofika siku ya moto haikuwa na ulinzi wa urithi. Maombi ya kuipa ulinzi huo yalikuwa yamepelekwa, kama ya Carlton, lakini safari hii hapakuwa na mtu aliyeshapita na plasta na kamera kwa amri ya mamlaka. Baada ya kuvunjwa ikabidi kifusi kilindwe, kwa sababu waombolezaji walikuwa wanaondoka na matofali kama kumbukumbu. Wapo wanaosema picha za watalii zinatosha. Labda kwa sura. Picha ya mtalii haikwambii ukuta ulikuwa na unene gani nyuma ya rangi.

Halafu kuna tatizo ambalo Carlton haikuwa nalo kabisa. Carlton ilichorwa na msanifu, kwa hiyo ukiijenga tena unarudia kitu ambacho mtu alikusudia. Upogo wa Himley haukukusudiwa na mtu. Ni alama ya makaa yaliyotolewa chini ya miguu ya wanywaji, na wengi wa wanywaji hao walikuwa wachimbaji wenyewe. Kuujenga upogo kwa makusudi, kwa vyuma vilivyopigiwa hesabu ili visianguke, ni kuandika saini ya marehemu kwa mkono wako. Sisemi isijengwe. Nikiwa kwenye halmashauri ile ningeitoa amri ileile, kwa sababu bila hiyo kila jengo la zamani lingeanza kupata ajali za usiku. Nani aliwasha moto ule si kazi ya makala haya. Ninachokataa ni kuiita amri hiyo ufufuo kwa kuwa tu neno lilelile, kujenga upya, lilitumika Maida Vale.

Tofauti hii inatuhusu. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash Zanzibar mwaka 1883, iliporomoka likiwa katikati ya ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Hakuna aliyehoji kama lijengwe tena. Mjadala wa watu wengi ulikuwa fedha na mkandarasi. Swali la vipimo, kwamba kila mhimili na kila mlango ulipimwa na nani na makaratasi yako wapi, ndilo linaloamua kama kitakachosimama Forodhani kitakuwa Beit el Ajaib au hoteli iliyovaa kanzu yake. Na hilo ni jumba la sultani, lenye wataalamu wa kulililia. Kule Kariakoo nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita, korido katikati na ua nyuma, zinapisha maghorofa moja baada ya nyingine, na zile baa za uani ambazo zilikuwa humo, zenye viti vya chuma na jiko la mishikaki pembeni, zinaondoka nazo. Sina hamu ya kuzuia kila ghorofa. Mwenye nyumba ya urithi Mtaa wa Swahili anayo hesabu yake ya kiwanja, na wajukuu wa kusomesha. Ila futi kamba na simu yenye kamera havimzuii kuuza. Wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu Ardhi wakipewa mtaa mmoja kila mwaka kama zoezi la darasani, muda si mrefu tungekuwa na kile ambacho wakazi wa Carlton Vale walikihimiza wakaonekana wasumbufu.

Kwa Himley, wanaotaka baa na si ganda lake wangefanya vizuri kuacha kuihesabu miaka mitatu ya amri na kuanza kumtafuta mwendeshaji. Amri inataja kuta, paa na vipimo. Haitaji nani atakayefungua mlango saa tano asubuhi Jumanne ya mvua, mwisho wa barabara ya vumbi, akingoja mteja wa kwanza.